Mavumbi ya Nyota: Deni au Amana?

Ndugu msomaji, kila mwaka, Jumatano ya Majivu, padri hututia majivu kipajini na kutukumbusha ya kuwa mwili wetu ni mavumbi. Fundisho hilo ni la kale, na mtu yeyote aliyewahi kuzika anajua ukweli wake bila kufundishwa. Lakini siku hizi wenye elimu ya nyota wameongeza jambo ambalo wazee wetu hawakulijua: mavumbi hayo yenyewe yana asili yake, na asili hiyo haiko hapa duniani. Kaboni iliyo katika nyama na damu yetu, oksijeni tunayoivuta, chuma cha jembe letu, vyote vilitengenezwa ndani ya nyota zilizokufa kabla ya jua letu kuwaka.

Habari hiyo ni ya kweli, nasi tutaona hapa chini jinsi ilivyojulikana. Lakini habari ya kweli yaweza kutumiwa vizuri au vibaya. Wengine wakiisikia husema: «Basi mtu ni mavumbi tu, na mambo yake yote ni bure.» Wengine husema kwa maneno matamu: «Nyota zilikufa ili sisi tuishi.» Wa kwanza wanamshusha mtu mpaka chini ya nyayo, wa pili wanampandisha kana kwamba mbingu zote ziliteketea kwa ajili yake. Twataka kuyapima maneno hayo mawili, kisha tuulize swali lililo gumu kuyapita: mtu aliyepokea kitu kutoka kwa asiyekusudia kumpa, je, ana deni? Na kama analo, atamlipa nani?

Nuru huchukua habari

Mwaka 1835 mwanafalsafa Mfaransa, Auguste Comte, alifundisha ya kuwa watu wataweza kupima umbali wa nyota na mwendo wake, lakini hawatajua kamwe zimefanywa kwa vitu gani. Hoja yake ilionekana kuwa na nguvu. Nani atafika huko akate kipande, akilete mezani, akipime?

Comte alifariki mwaka 1857. Miaka miwili baadaye, mjini Heidelberg, Ujerumani, wataalamu Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walionyesha ya kuwa hakuna haja ya kwenda. Kila kitu kikiungua hutoa nuru yenye alama zake. Tia chumvi kidogo motoni, nawe utaona ndimi za moto zikigeuka manjano: hiyo ni alama ya sodiamu iliyo ndani ya chumvi. Nuru ikipitishwa katika kioo cha pembe tatu, rangi zake hutengana kama katika upinde wa mvua, na katikati ya rangi huonekana mistari. Mistari ya kitu kimoja haifanani na ya kitu kingine, kama vile alama za vidole vya watu wawili zisivyofanana. Basi nyota haina haja ya kuja kwetu; barua yake imekwisha kutufikia, nasi yatupasa kujifunza kuisoma.

Mmojawapo wa watu wa kwanza kuisoma barua hiyo alikuwa padri Mjesuiti, Angelo Secchi. Alitazama nyota kutoka juu ya paa la kanisa la Mtakatifu Ignasi mjini Roma. Aliipima nuru ya nyota zipatazo 4,000, akazigawa katika makundi kwa kadiri ya mistari yake. Mwaka 1868 alieleza kundi moja la nyota nyekundu zenye alama za ajabu: zilifanana na zile zinazoonekana hapa duniani katika moto wa vitu vyenye kaboni. Secchi hakujua ya kuwa nyota hizo zimezeeka na kukaribia kufa, wala kaboni hiyo imetoka wapi. Aliandika kwa uaminifu alichokiona, akafariki mwaka 1878, akawaachia wengine swali. Umkumbuke mtu huyu, msomaji, maana tutamhitaji tena.

Elimu hii isichanganywe na ramli. Mpiga ramli hutazama nyota apate kusema nani ataoa na nani ataugua. Hapimi kitu, wala hakubali kusahihishwa. Mwenye elimu ya nyota huuliza nuru imebeba nini, na akikosea, mwenzake aliye mbali humwonyesha kosa lake kwa vipimo.

Nyota hufaje?

Moto wa nyota si moto wa kuni. Ndani ya moyo wake viini vya hidrojeni hushindiliwa pamoja hata kuwa heli, na kazi hiyo ndiyo inayotoa joto na nuru. Jua letu limefanya hivyo kwa muda wa miaka bilioni 4.6 hivi, na akiba yake yatosha miaka bilioni 5 mingine. Hidrojeni ya moyoni ikiisha, nyota ya namna ya jua hujikaza katikati na kuvimba nje, ikawa kubwa mno na nyekundu. Joto la moyo likifika digrii milioni 100 hivi, viini vitatu vya heli huungana na kuzaa kiini kimoja cha kaboni.

Je, jambo hilo laweza kuthibitishwa? Laweza. Mwaka 1952 Mmarekani Paul Merrill aliona katika nuru ya nyota kadhaa zilizozeeka alama za metali iitwayo teknesiamu. Metali hiyo haidumu: ile inayotokea ndani ya nyota, nusu yake huoza katika muda wa miaka 200,000 hivi. Nyota hizo zina umri mrefu kupita huo mara maelfu. Kama teknesiamu ingalimo, basi imetengenezwa humo humo, tena si zamani. Nyota ilikamatwa, kwa kusema hivyo, na unga mikononi.

Katika uzee wake nyota huchemka kama maji ya chungu kilicho juu ya mafiga: yaliyo chini hupanda juu. Kaboni hutoka moyoni ikafika usoni, na huko kwenye joto lililopungua, atomu huanza kufungamana. Atomu mbili au zaidi zilizofungamana tunaziita molekuli. Kaboni na oksijeni hushikana kwa nguvu sana, moja kwa moja, hata moja ya hizo mbili iishe. Kinachobaki ndicho kinachoamua. Oksijeni ikizidi, nyota hutoa maji na mavumbi ya namna ya mchanga. Kaboni ikizidi, hutoa molekuli za kaboni na masizi, kama taa ya mafuta isiyopata hewa ya kutosha.

Katika kundi la nyota liitwalo Simba iko nyota moja ya namna hiyo, jina lake CW Leonis. Nuru hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde moja, lakini hutumia miaka 400 hivi kutoka huko mpaka kwetu. Macho matupu hayaioni, kwa kuwa imejifunika moshi wake yenyewe; iligunduliwa mwaka 1969 kwa vyombo vinavyopokea mionzi ya joto. Kila mwaka upepo wake huchukua nje vitu vyenye uzito wa dunia kadhaa kama hii yetu. Ndani ya moshi huo wataalamu wamekwisha kutambua aina zaidi ya 80 za molekuli. Siku moja nyota itakuwa imejivua koti lake lote, na kitakachobaki ni moyo mdogo mweupe unaopoa polepole. Koti litang'aa kama wingu kwa miaka elfu chache au kumi na kitu, kisha litatawanyika gizani.

Mpira wa atomu 60

Watu walidhani zamani ya kuwa nafasi iliyo kati ya nyota ni tupu, au kwamba molekuli haziwezi kudumu humo. Mwaka 1937 Pol Swings na Léon Rosenfeld, wa chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji, walieleza alama ya molekuli ya kwanza iliyotambuliwa huko: atomu moja ya kaboni na moja ya hidrojeni. Mwaka 1968 ilionekana amonia, mwaka 1969 maji. Leo hesabu imepita aina 300.

Kati ya hizo zote, moja ina historia inayotufaa. Mwingereza Harold Kroto, wa chuo kikuu cha Sussex, alitaka kujua jinsi minyororo mirefu ya kaboni inavyofanyika katika moshi wa nyota zinazokufa. Mwezi wa Septemba 1985, mjini Houston, Marekani, yeye na Robert Curl na Richard Smalley, pamoja na wanafunzi wao, walichoma kaboni kwa mwali mkali wa leza wapate kuiga moshi huo. Wakakuta kitu wasichokitafuta: molekuli ya atomu 60 za kaboni zilizopangwa katika pande 12 za pembe tano na pande 20 za pembe sita, sawasawa na mishono ya mpira wa miguu. Ni ndogo hata milioni moja zikipangwa mstari mmoja haupiti milimita moja. Mwaka 1996 watatu hao walipewa tuzo ya Nobel.

Swali lilikuwa limetoka mbinguni. Jibu likarudi mbinguni. Mwaka 2010 Jan Cami, wa chuo kikuu kimoja cha Kanada, na wenzake walitangaza ya kuwa wameiona molekuli hiyo katika wingu la nyota iliyokufa liitwalo Tc 1, lililo mbali nasi zaidi ya miaka ya nuru 6,000. Waliiona kwa darubini ya angani iitwayo Spitzer, iliyofanya kazi tangu mwaka 2003 hata 2020. Kroto alikuwa angali hai. Alifariki mwaka 2016.

Lakini wengine hawakubahatika kuona. Mwaka 1919, katika kituo cha Lick, California, mwanamke kijana jina lake Mary Lea Heger alipiga picha za nuru ya nyota, akaona mistari miwili iliyofifia ambayo haikuwa ya nyota zenyewe. Kitu fulani njiani kiliimeza sehemu ya nuru. Habari yake ikachapishwa mwaka 1922. Tangu hapo mistari ya namna hiyo imezidi 500. Mwaka 1994 Bernard Foing na Pascale Ehrenfreund waliona miwili mingine, wakaidhania kuwa ni ya mpira ule wa atomu 60 uliopungukiwa elektroni moja. Mwaka 2015 John Maier na wenzake wa Basel, Uswisi, walithibitisha kwa vipimo. Heger alikuwa amekwisha kufariki tangu mwaka 1983, na mistari miwili aliyoiona yeye hata leo haijapata maelezo yanayokubaliwa na wote.

Majivu yaliyozaa

Wahenga husema: Moto huzaa majivu. Kwa methali hiyo huwacheka watoto wa watu wakubwa walioharibika. Moto mkali umewaka usiku kucha, na asubuhi hakuna kitu ila vumbi la kijivu. Katika habari ya nyota, methali yaendelea mbele: moto ulizaa majivu, na majivu yakazaa.

Mwaka 1969, huko Murchison, Australia, lilianguka jiwe kutoka angani. Ndani yake wataalamu wamekuta punje ndogo sana za kaboni na silisi zilizotoka katika moshi wa nyota za namna tuliyoieleza. Mwaka 2020 ilitangazwa ya kuwa punje kadhaa zina umri upatao miaka bilioni 7. Zilikuwako kabla ya jua. Mtu aweza kuzishika katika kibweta cha kioo: mavumbi ya nyota ambayo hayakupata kuwa kitu kingine.

Mavumbi mengine yalipata. Yalikusanyika katika wingu. Wingu likawa jua na sayari. Na katika sayari hii kaboni ikaingia hewani, toka hewani ikaingia katika jani la muhogo, toka jani ikaingia katika mkono wa mtoto. Karibu sehemu ya tano ya uzito wa mwili wetu ni kaboni. Shaba ya Katanga, ambayo wengine wametajirika kwayo na wengine wameuawa kwa ajili yake, nayo ilitoka katika nyota, hasa zile kubwa. Haikutengenezwa na yeyote kati ya wale wanaoigombania.

Je, mtu ni mavumbi tu?

Sasa turudi kwa wale wa kwanza. Wakisema mtu ni mavumbi, wasema kweli. Kosa limejificha katika neno moja dogo, neno «tu».

Makaa ni kaboni. Risasi ya kalamu ni kaboni. Almasi ni kaboni, na mpira ule wa atomu 60 pia. Mtu akisema almasi ni makaa tu, aende na gunia la makaa akanunue almasi, aone atakavyochekwa. Hata katika vitu visivyo na uhai, kujua kitu kimefanywa kwa nini si kujua kitu hicho ni nini. Lazima kujua pia jinsi kilivyopangwa na kazi kinachoweza kuifanya. Itakuwaje basi kwa mtu, ambaye anaweza kufanya kitu ambacho hakuna mavumbi mengine yanayoweza? CW Leonis, pamoja na ukubwa wake wote, haijui ya kuwa inakufa. Mtu wa kilo 60, aliyesimama gizani karibu na darubini, anaijua.

Neno hilo «tu» si mchezo wa wenye akili, lina matunda. Anayemwona mwenzake kuwa ni kitu tu atakuja kumpima kama kitu. Katika nchi yetu hii, kabla ya mwaka 1908, watu walihesabiwa kwa kilo za utomvu wa mpira walizoleta kutoka mwituni, na asiyetimiza kilo alipigwa, alifungwa, wengine waliuawa. Waliofanya hivyo hawakuwa na haja ya elimu ya nyota. Walikuwa na mizani tu, nayo iliwatosha.

Wengine husema: «Lakini elimu hii yafundisha usawa, kwa kuwa kaboni ya kabila hili ni ile ile ya kabila lile.» Ni kweli, na ni vema watoto wetu wafundishwe, maana hakuna damu iliyochotwa katika nyota bora. Lakini tusiipe hoja hiyo mzigo usioiweza. Kaboni ile ile imo katika chui na katika magugu. Elimu ya nyota yaweza kutuvua kiburi. Haiwezi kutuvika heshima. Heshima ya mtu yatoka katika uwezo wake wa kujua lililo kweli na kuchagua lililo jema. Sisi waamini tunajua nani amempa uwezo huo. Lakini hata asiyeamini, akitumia vizuri akili yake, atakiri ya kuwa mtu anao, na ya kuwa hauonekani katika mizani.

Je, nyota zilikufa kwa ajili yetu?

Tuje kwa wale wa pili. Maneno yao ni mazuri kusikia, lakini tuyapime kwa mfano wa nyumbani.

Nyuma ya nyumba moja pana miembe miwili. Mmoja ulipandwa na babu, akaumwagilia maji katika kiangazi, akijua ya kuwa yeye mwenyewe hataonja matunda yake. Wa pili uliota wenyewe, kwa kuwa mpita njia alikula embe na kuitupa kokwa. Maembe ya miti yote miwili ni matamu sawa. Je, tumshukuru mpita njia kama babu? Hapana. Babu alijua anachofanya, alitaka kukifanya, na angaliweza kuacha. Hayo matatu ndiyo yanayofanya kitu kuwa zawadi: kujua, kutaka, na kuweza kukataa. Mpita njia alitupa kokwa, basi.

Nyota haina hata moja katika hayo matatu. Haijui, haitaki, wala haiwezi kukataa. Na sehemu kubwa ya inachotupa hakimfikii mtu yeyote. Huzunguka gizani kama punje zile za Murchison. Kuiita hiyo sadaka ni kupotosha neno, na neno likipotoshwa, wanaoumia ni wale waliolistahili.

Mwaka 1995 ugonjwa wa Ebola uliingia Kikwit. Wauguzi Wakongo wengi walifariki, na pamoja nao masista sita Waitaliano wa shirika la Poverelle la Bergamo. Waliona ya kuwa ugonjwa huo unawaua wanaowagusa wagonjwa. Waliendelea kuwagusa. Kama tukisema nyota nayo «ilijitoa», tutatumia neno gani kwa hao? Tuliweke neno hilo mahali pake. Nyota ni sababu ya uhai wetu. Mfadhili wetu siyo.

Basi tuna deni?

Hapa mwenye akili kali atasema: «Vema. Kama nyota si mfadhili, sina deni kwake. Nilicho nacho nilikiokota. Ni changu, na niachwe nacho.»

Tumjibu kwa mwembe ule ule wa pili. Asubuhi moja mtu anauzungushia ua na kusema: «Huu ni wangu, kwa kuwa hakuna wa kumshukuru.» Lakini sababu anayoitoa yamgeukia mwenyewe. Kama hakuna aliyeupanda, basi hata yeye hakuupanda. Asiye na wa kumshukuru hana pia jasho la kudai. Aliyelima aweza kusema: nimelima, nipeni ujira wangu. Aliyeokota aweza kusema neno moja tu: nimekuta. Na aliyekuta atawezaje kumfukuza yule ajaye baada yake, ambaye naye ataka kukuta?

Wahenga husema dawa ya deni ni kulipa. Deni hurudi kwa mdai. Na nyota haidai, wala hatuwezi kuirudishia kaboni yake. Lakini lugha yetu ina neno jingine lililo sahihi zaidi, nalo ni amana. Mwenye amana hakuifanya kwa mikono yake, hawezi kuitupa, wala hawezi kuila peke yake. Mbegu zilizokutwa katika ghala ya bibi aliyefariki bila kusema ni za nani, mjukuu mwenye adabu hazili zote kwa siku moja. Anajua angalau hili: wako watakaotaka kupanda mwakani. Mwamini hulijua jina la Mwenye amana. Asiyeamini anajua ya kuwa jina hilo silo lake mwenyewe. Na hilo latosha kuwafunga wote wawili.

Kwa hiyo tuna wajibu, nao hautazami nyuma, watazama mbele. Tazama wale tuliowataja. Secchi hakumlipa Kirchhoff. Kroto hakumlipa Secchi. Foing na Ehrenfreund hawangeweza kumlipa Heger, aliyekuwa amekwisha kufa. Kila mmoja alipokea kutoka kwa aliyemtangulia, akaongeza kidogo, akamkabidhi asiyemjua. Nyota nayo hupokea mavumbi ya waliotangulia, huongeza, na kutawanya. Tofauti ni moja: nyota hufanya hivyo kwa kulazimishwa na maumbile, mtu hufanya kwa kupenda. Hapo mtu hupita nyota.

Na mwenye njaa atapata nini?

Lipo swali la mwisho, na ni la haki. Mzazi asiye na ada ya shule aweza kuuliza: elimu ya molekuli zilizo mbali hivyo yanifaa nini mimi?

Tusimdanganye. Haitamjazia chungu chake jioni hii. Aliye na chakula na kumnyima jirani yake hatapata udhuru kwa kusema alikuwa akitazama nyota. Lakini wajibu wa kulisha na haki ya kujua havipigani. Kilichomaliza mali ya watu duniani si darubini, ni bunduki. Wazee walitazama nyota zile wanazoziita Kilimia wapate kujua majira ya kulima, na bado waliwasimulia watoto hadithi juu yake, ambazo hazikuongeza hata kibaba kimoja cha mahindi. Walijua ya kuwa mtoto anahitaji uji, na ya kuwa baada ya uji atauliza.

Tena elimu hii hufundisha subira. Katekista aliyefundisha miaka ishirini katika kijiji cha mbali, mwalimu ambaye mshahara wake huchelewa, mama anayemlea yatima asiye wa tumbo lake, hao wote hujiuliza usiku: nitaona matunda lini? Heger aliona mistari miwili mwaka 1919. Zaidi ya miaka mia imepita, na watu wangali wanaifanyia kazi. Je, alipoteza wakati wake? La. Alifanya sehemu yake, nayo ilikuwa sehemu njema, kwa kuwa ilikuwa ya kweli.

Basi, ndugu msomaji, mwaka ujao utakapotiwa majivu kipajini, usiyadharau, wala usijivune kwa sababu ya asili yake. Yalitoka mbali, yakafika kwako bila wewe kuyaomba, na hayatakaa kwako muda mrefu. Jiulize yatakapoondoka yataacha nini mikononi mwa walio nyuma yako. Nyota hutoa bila kujua. Sisi tunajua, kwa hiyo tukizuia, hatuna udhuru.